Kisima Nyuma ya Nyumba Zote

Siku niliyoanguka tulikuwa watano uani kwetu. Nilikuwepo mimi, Minza, mkubwa wa nyumba. Alikuwepo mdogo wangu Masunga, fundi ujenzi, amekaa juu ya tofali akila kiporo. Alikuwepo Holo, wa mwisho wetu, mshona nguo, futi ya kupimia ikining'inia shingoni kama kawaida yake. Alikuwepo baba mdogo Ng'wandu, mdogo wake marehemu baba, aliyekuja na baiskeli kutoka Sapiwi kutujulia hali. Na alikuwepo Mama Sabina, jirani yetu wa nyuma, aliyehamia kutoka Binza kule Maswa, amekuja kuchota maji. Nawataja wote kwa sababu kila mmoja wao alinibeba kwa namna yake, na mmoja wao sasa hayupo.

Nilikuwa nimeshika kamba ya kisima. Homa ilinianza na mvua za kwanza. Ilikuwa inapanda jioni na kushuka asubuhi, nami nilikuwa namaliza dawa za malaria za dukani, naanza nyingine. Nilikuwa namwambia Mama Sabina asogeze ndoo yake, mara tumbo likachanika kwa ndani. Sina namna nyingine ya kulieleza. Lilichanika kama kitambaa. Kamba ikaniponyoka, nikasikia dumu likipiga maji kule chini.

"Ng'wana wane, vipi tena?" baba mdogo aliuliza. Mwanangu, vipi.

Masunga alisimamisha bajaji kwa kusimama katikati ya barabara. Dereva akamporomoshea matusi. Masunga akamwambia, "Endelea kunitukana, kaka, lakini tukiwa njiani." Baba mdogo alinibeba mgongoni hadi kwenye bajaji, mtu wa umri wake, na Mama Sabina akavua kanga yake ya juu akanifunika miguu.

Naandika kwa ajili yako wewe uliyeamka wodini ukakuta tumbo lako si lile ulilolala nalo. Kueleza ugonjwa kwa kitaalamu siwezi. Niliacha shule nikiwa kidato cha kwanza. Nitaeleza nilikopita tu.

Nyumba yetu ilikuwa kijijini, na leo iko mjini, na sisi hatukuhama. Baba alipojenga, mbele palikuwa na shamba la pamba, ubavuni mahindi, na nyuma ngitiri, yale majani anayotengewa ng'ombe kwa ajili ya kiangazi. Kisima alikichimba mwenyewe huko nyuma, kwenye kibonde, mbali na kila kitu. Kisha baba akafariki, na kabla pamba ya msimu ule haijauzwa mama naye akafuata. Matanga yalipoisha wazee walikaa kutugawa. Masunga aende Sapiwi kwa baba mdogo akachunge. Holo, aliyekuwa hajang'oka hata meno ya utoto, achukuliwe na shangazi Lagangabilili. Mimi niolewe. Lakini mama, siku za mwisho, alikuwa ameniambia neno moja tu: "Wasitawanyike." Nikasimama mbele ya wazee nikasema hatuendi kokote.

"Una miaka mingapi wewe?" baba mdogo aliniuliza.

"Ya kutosha kupika."

Wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichotuacha pamoja. Tangu hapo kazi yangu duniani ikawa hiyo: watatu tubaki watatu.

Kisha Bariadi ikawa makao ya mkoa na mji ukaanza kutufuata. Walikuja wapima na vigingi, wakaja watumishi waliotaka viwanja, yakaja malori ya mchanga. Majirani walikata mashamba, nasi tukakata. Kipande kimoja kilimpa Masunga ufundi, kingine kikamnunulia Holo cherehani. Siwezi kuilaumu ardhi iliyotulisha kwa kuuzwa. Lakini nyumba zilisogea, zikasogea, hadi ngitiri yote ikawa mabati.

Kwetu choo hakikai mbele ya nyumba. Mkwe hapaswi kukuona ukielekea huko, na mgeni hapaswi kupita karibu nacho. Zamani hilo halikuwa na madhara, nyuma ya nyumba palikuwa porini. Sasa barabara zilipita pande zote mbili za kibonde, kila mtu akaipa barabara uso wa nyumba yake, na choo akakichimba nyuma kabisa, pembeni, kwa adabu. Migongo ya nyumba zote ikakutana pale kilipo kisima cha baba. Hakuna aliyetenda ovyo. Kila mmoja alijificha vizuri, na wote walijificha kwetu.

Hilo sikuliona mimi. Masunga aliliona akiwa juu ya paa la jirani anapaua, wakati mimi nimelazwa. Alikuja wodini na vumbi la mbao kwenye nywele, akakaa pembeni ya kitanda.

"Dada, nimekiona kisima kutoka juu."

"Kina nini?"

"Kimezungukwa kama ng'ombe aliyezingirwa na fisi."

Daktari alikuwa ameshatuambia kwamba ilikuwa homa ya matumbo na utumbo ulikuwa umetoboka. Walinipasua siku ileile niliyoanguka. Nilipozinduka nilikuta wametoa kipande cha utumbo nje, upande wa kulia, chekundu, chenye unyevu, kama mdomo wa mtoto anayetaka kulia. Kinyesi changu kingepita hapo hadi tumbo litakapopona ndani. Juu yake palibandikwa mfuko. Nesi alinieleza kwa upole, nami nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayeelezwa njia ya kwenda mahali asikokusudia kwenda.

Nililia siku moja nzima. Aliyeninyamazisha alikuwa bibi wa kitanda cha jirani, mama mnene kutoka vijiji vya Itilima, aliyelazwa kwa sababu choo chake kilikuwa kimegoma. Alinitazama, akageukia wenzake.

"Muoneni huyu. Ana milango miwili na bado analia. Mimi nina mmoja, na umepigwa kufuli."

Wodi nzima ilicheka. Nami nilicheka, na kicheko kikavuta nyuzi za mshono hadi nikaona nyota. Kama umelazwa, mtafute mtu wa namna hiyo. Anatibu, ingawa hakuandikwa kwenye cheti.

Mambo mengine hakuna atakayekuambia, kwa hiyo nikuambie mimi. Ule mfuko unajaa haraka kuliko unavyodhani. Ukivuja, ngozi inaungua kama imemwagiwa maji ya majivu. Kuna siku mifuko haikupatikana mjini, tukatumia vitambaa safi na nailoni, na Holo ndiye aliyevifua. Nywele zangu zilitoka kwa viganja. Mashavu yaliingia ndani, matiti yakaisha, pete ya mama niliyokuwa nikiivaa ikawa inazunguka kidoleni hadi nikaivua. Nilijifunza kutambua kila aliyeingia chumbani kwa pumzi yake. Wanaoogopa harufu hubana pumzi mlangoni. Holo peke yake aliingia akivuta hewa kama kawaida.

Kliniki ya upasuaji nilihudhuria msimu wote wa palizi. Tulikaa kwenye mabenchi ya barazani, kila mtu na kadi yake mkononi, mvua ikinyesha kwenye bati hadi majina yanayoitwa hayasikiki. Mimi nilikaa mwisho wa benchi, upande upepo unakoelekea, ili nisiwakere wenzangu. Siku moja Holo aliliona hilo. Wiki iliyofuata alikuja na gauni alilonishonea kwenye baraza lake la kushonea kule sokoni, pana kiunoni, lenye mfuko wa ndani uliobeba ule mfuko mwingine, na juu yake marinda yanayoficha kila kitu.

"Sasa kaa katikati ya benchi," akasema.

"Na wakiuliza?"

"Waambie una mimba ya tajiri."

Nikakaa katikati. Mama mmoja akaniuliza ni miezi mingapi. Holo alicheka hadi akaenda kusimama nje kwenye mvua.

Nyumbani hapakuwa na kicheko kingi. Nesi alisema maji yachemshwe na kile kisima tukiache. Masunga alitaka kifukiwe mara moja. Siku ya Jumapili, baada ya ibada, baba mdogo alikuja, na Mama Sabina akaitwa, tukakaa uani.

"Kisima cha marehemu hakifukiwi na mtoto wake," baba mdogo alisema. "Mikono ya kaka yangu imo mle."

"Mikono ya baba imo," Masunga alijibu, "na vyoo vya watu vimo."

Mama Sabina aligeuka. "Unanisema mimi, Masunga?"

"Nasema vyoo, mama."

"Changu ndicho cha karibu, usinizungushe. Lakini niambie, ningekiweka wapi? Barabarani? Baba mkwe wangu akija kutoka Maswa anikute naelekea huko na kopo mkononi? Afadhali nihame."

"Hakuna aliyesema uhame, mayu," nilisema. Sisi humwita mayu mwanamke tunayemheshimu, naye alikuwa amestahili.

"Halafu mkikifukia," akaendelea, sauti ikishuka, "tunakunywa nini? Bomba linatoka siku linapotaka."

Nyumba zote za pale zilichota kwetu. Tukakubaliana kisima kibaki cha kufulia na kumwagilia, na maji ya kunywa kila nyumba iyachemshe. Baba mdogo akafurahi. Masunga alisimama akaenda zake bila kumaliza uji, na tangu siku hiyo akawa anakula huko kazini.

Kuchemsha maji ni neno jepesi kwa mwenye kuni. Zamani kuni zetu zilikuwa miti ya pamba. Ukishavuna, unaing'oa, unaikausha, unapikia mwaka mzima. Shamba la pamba lilikuwa limeshakuwa nyumba za watu, na vichaka vya kuokota vijiti vilikuwa vimekwisha hadi mbali. Mkaa tuliununua kwa kopo, na kopo moja lilipika ugali na kubakiza moto wa sufuria moja ndogo. Holo aliichemsha sufuria hiyo kila jioni, akaipoza, akaimimina kwenye jagi lenye mfuniko na kuliweka kichwani pa kitanda changu.

"Hili ni lako, dada. Mtu asiliguse."

Nami nilikunywa nikidhani majagi ni mengi.

Mahindi yalikauka, pamba ikavunwa na wale wenye mashamba, na wakati magari ya pamba yanapita barabara kuu yakidondosha manyoya meupe kwenye miiba, nilirudi kupasuliwa mara ya pili. Wakaurudisha utumbo ndani, wakafunga. Tulingoja kuona kama njia ya zamani itafunguka. Asubuhi moja ikafunguka. Nilikaa chooni hospitalini nikilia kwa furaha, na mtu aliyekuwa akingoja nje akagonga akauliza, "Mama, umekufa humo?" Nikamwambia hapana, ndiyo kwanza naanza kuishi. Wewe unayengoja siku hiyo, ujue ipo. Ni neema ndogo, na hakuna anayeimba wimbo wake kanisani, lakini nilitamani uimbwe.

Nilirudi nyumbani nikiwa na kovu refu na miguu isiyo na nguvu. Masunga alikuwa amerudi kula nasi. Tulikuwa watatu mezani. Nilisema moyoni, mama, nimewaweka pamoja.

Mvua za kwanza zilipokuja tena, Holo alianza kufunga kanga kiunoni akiwa kazini, kama mtu mwenye baridi. Ilikuwa wakati wa oda za sare za shule, na aliniambia ni uchovu. Nilimshika paji la uso. Nilijua kabla hajafungua mdomo, kwa sababu joto lile lilikuwa limeishi ndani yangu.

"Holo, ulikuwa unakunywa maji gani?"

Akaifungua kanga, akaifunga upya kiunoni.

"Holo."

"Ya mtungini."

"Yaliyochemshwa?"

"Moto ulikuwa unatosha sufuria moja, dada."

Hakuisema kama mtu anayedai shukrani. Aliisema kama mtu anayeeleza kwa nini gauni limetoka fupi: kitambaa kilikuwa hicho tu.

Tulimpeleka jioni ileile. Nilikaa kwenye benchi nililolizoea, safari hii upande wa wanaosindikiza, na nikagundua kwamba upande huo ni mgumu zaidi. Mgonjwa ana maumivu yake ya kushughulika nayo. Msindikizaji ana mlango tu wa kuutazama. Utumbo wa Holo haukutoboka kama wangu; ulikuwa unavuja damu ndani, kidogo kidogo, hadi viganja vyake vikawa vyeupe kama unga. Wakamwongezea damu. Chupa ya kwanza ikampa rangi, akaomba matobolwa, vile viazi vilivyochemshwa na kukaushwa, nikacheka nikamwambia angoje tumbo lipone. Chupa ya pili ilimfanya alale vizuri. Ya tatu ilikuwa bado inadondoka aliponiomba nimkunjie futi yake isijifunge mafundo. Niliikunja. Nilipogeuka kumwonyesha, nesi alikuwa ameshamshika mkono na anaita wenzake.

Sitaandika zaidi ya hapo kuhusu siku ile.

Tulitaka kumzika uani, pembeni ya mama. Mwenyekiti wa mtaa alikuja kutupa pole, kisha akatueleza kwa upole kwamba kwenye viwanja vilivyopimwa watu hawazikwi tena. Na hata angeturuhusu, tulizunguka uani na Masunga tukitafuta pa kuchimba. Huku ukuta wa jirani, huku jiko, huku choo, huku kisima. Ardhi iliyowahi kulisha ng'ombe kiangazi kizima haikuwa na nafasi ya msichana mmoja.

Baba mdogo alikuwa amekaa kwenye mkeka wa msiba. Alisema, bila kuinua uso, "Nitampeleka Sapiwi."

Yuko huko, kwenye ukingo wa shamba la pamba. Ni pazuri. Pana upepo. Kwenda na kurudi ni safari ya siku nzima kwa mtu mwenye tumbo langu, na baba na mama wako huku uani. Watoto watatu nilioambiwa wasitawanyike. Kila ninapolifikiria hilo hupata kitu cha kufanya kwa mikono.

Baada ya arobaini baba mdogo alirudi na koleo amelifunga kwenye baiskeli. Hakuitisha kikao. Alikwenda nyuma moja kwa moja, akatupa udongo wa kwanza kisimani, akamkabidhi Masunga koleo. Mama Sabina alikuja na ndoo ya kifusi kichwani, kisha mume wake, kisha nyumba za upande wa pili, wote wakitokea kwenye vile vijia vya nyuma vya kwenda chooni kwa kujificha. Udongo ulipofika juu, baba mdogo akasema, "Wabeja, kaka." Asante, kaka. Akapanda baiskeli. Siku hizi tunanunua maji ya mkokoteni, na siku bomba linapotoka mtaa mzima unapigiana kelele kuamshana.

Kwako unayeuguzwa: mtazame anayekuuguza anakunywa nini. Mwombe aonje jagi lako mbele yako. Atakataa. Mlazimishe.

Nina jambo moja sijalimaliza. Damu aliyopewa Holo ilitoka kwenye akiba, na ndugu huombwa kuirudisha ili imkute mgonjwa mwingine. Masunga alirudisha chupa moja wiki ileile ya mazishi. Ya pili ilirudishwa na Mama Sabina. Hakuambiwa na mtu, nilimkuta kwenye foleni amekunja mkono wa gauni, nikamwambia, "Mayu, wewe si ndugu." Akanijibu, "Nenda zako, Minza. Sindano inaniogopesha, usiniongezee maneno."

Ya tatu ni yangu. Nimekwenda mara kadhaa. Nesi wa damu ananifahamu sasa, ananipandisha kwenye mizani, ananitoboa kidole, anatazama, anatikisa kichwa. Uzito hautoshi na damu yenyewe ni nyepesi. Nakula maharage, nakula dagaa, nakula mchicha, nakunywa mtindi anaoniletea baba mdogo, na hata nisipokuwa na hamu nakula. Jumatatu nilikwenda tena, nimevaa viatu vizito.

"Vua viatu, dada," nesi alisema.

Nikavua. Mshale ukarudi.

"Bado kidogo. Njoo mwezi ujao."

Nikamwuliza kama chupa ile inaweza kuandikwa imelipwa na mtu mwingine, kwa kuwa Masunga yuko tayari kutoa tena. Akasema inawezekana. Nikafikiri, nikamwambia hapana, aiache. Nikavaa viatu, nikaenda sokoni kununua maini.